Jinsi ya Kuuchagua, Kuuandaa na Kuuonja Mvinyo wa Garganega

Garganega ni zabibu nyeupe ya kaskazini-mashariki mwa Italia, katika mkoa wa Veneto, na mvinyo wake unaojulikana zaidi ni Soave, ulioitwa kwa jina la mji mdogo wenye ngome ulioko mashariki ya Verona. Anayekutana nayo kwa mara ya kwanza mara nyingi huipita bila kuitambua, kwa sababu si zabibu inayojitangaza: haina manukato makali ya Moscato wala ule uchachu wa Riesling unaokata ulimi, na glasi yake ya kwanza, hasa ikiwa imetoka moja kwa moja kwenye friji, inaweza kuonekana kuwa mvinyo mweupe kama mwingine wowote. Uzuri wake huja nyuma, baada ya kumeza, pale ladha ya lozi yenye uchungu kidogo inapobaki kwenye ulimi na kukuvuta urudie. Mwongozo huu ni wa mnywaji anayetaka kuufikia uzuri huo, na nitakaa zaidi kwenye ununuzi na kwenye ubaridi wa chupa, maana humo ndimo watu wengi wanamoipoteza Garganega.

Inafaa kuanza na mzabibu wenyewe, kwa kuwa tabia zake shambani ndizo zinazoeleza tofauti ya bei utakayoiona dukani. Kichala cha Garganega ni kirefu, punje zake zimeachana, na juu karibu na kikonyo hutoka matawi madogo mawili yanayokaa kama mabega. Ganda la punje ni nene, la rangi ya manjano inayoelekea dhahabu, na upande uliopigwa na jua huwa na wekundu wa kutu. Kwa kuwa punje hazikubanana, upepo hupita katikati yake na ukungu haushiki kwa urahisi, hivyo zabibu inaweza kusubiri mtini hadi mwisho wa Septemba na hata kuingia Oktoba, wakati zabibu nyeupe nyingi za Italia zimekwisha kuvunwa. Macho ya mwanzo kwenye tawi lake huzaa kidogo sana, kwa hiyo mkulima hulazimika kuacha tawi refu anapopogoa, na ndiyo maana wakulima wa Verona tangu zamani waliulea mzabibu huu juu ya kichanja cha mbao wakiitacho pergola, ambacho majani yake hutanda kama paa na vichala vikaning'inia chini yake kivulini. Ukiachiwa, mzabibu huu huzaa kupita kiasi. Mkulima anayeubebesha mzigo wote hupata mvinyo mwingi wenye ladha iliyopwaya, na yule anayeondoa vichala mapema ili vilivyobaki vishibe hupata mvinyo wenye uzito na umri. Chupa zote mbili zinaweza kuandikwa Soave, na kazi yako ya kwanza kama mnunuzi ni kuzitenganisha.

Historia ya jina hilo inasaidia. Eneo la asili ni vilima vya Soave na vya jirani yake Monteforte d'Alpone, ambavyo mipaka yake ilitambuliwa na serikali ya Italia mwaka 1931. Soave ilipopewa hadhi ya DOC, yaani jina la asili linalolindwa kwa kanuni za serikali, mwaka 1968, mipaka ilipanuliwa sana na kuingiza ardhi ya tambarare yenye rutuba, ambako mzabibu mwenye uzazi kama huu hufanya kile kile nilichokwisha kukieleza. Soko la nje, Marekani hasa, lilikuwa na kiu ya mvinyo mweupe mwepesi wa bei nafuu, na katika miaka ya 1970 Soave ilimwagika duniani kote mpaka jina lake likawa sawa na mvinyo usio na cha kusema. Hata hivyo vilimani walikuwapo watu walioshikilia kazi yao. Familia ya Pieropan ilitoa mvinyo wa shamba moja, Calvarino, kutokana na mavuno ya 1971, na baadaye mwingine, La Rocca, kutokana na mavuno ya 1978, wakati ambapo karibu hakuna aliyeona maana ya kutaja shamba kwenye chupa ya Soave. Nyumba nyingine za mvinyo kama Gini, Inama, Prà na Suavia zimeifuata njia ya ubora, na leo mtu anayejua kuchagua hupata katika vilima hivi mvinyo mweupe mzito kwa bei ambayo, kwa maoni yangu, bado iko chini ya thamani yake.

Sasa tushike chupa mkononi na tuisome. Neno Soave peke yake linakuambia kwamba angalau asilimia 70 ya zabibu ni Garganega, na kwamba sehemu iliyobaki inaweza kuwa Trebbiano di Soave au Chardonnay. Trebbiano di Soave ni jirani mwema, kwani huongeza uchachu na uhai. Chardonnay huongeza unene, lakini mara nyingi huifunika sauti ndogo ya Garganega, kwa hiyo mwanafunzi wa zabibu hii ni bora aanze na chupa inayotamka kwamba ni Garganega tupu, au iliyochanganywa na Trebbiano di Soave peke yake. Habari hiyo huandikwa nyuma ya chupa, na mzalishaji anayejivunia zabibu yake kwa kawaida haifichi.

Neno la pili la kutafuta ni Classico, na kama utakumbuka neno moja tu katika mwongozo huu, liwe hilo. Maana yake ni kwamba zabibu zimetoka katika vilima vile vya asili vya Soave na Monteforte d'Alpone, na tofauti ya bei kati ya Soave ya kawaida na Soave Classico mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya ladha. Utaona pia Colli Scaligeri, yaani vilima vilivyo nje ya eneo la Classico, ambako kuna mashamba mazuri ya juu, na utaona Superiore. Hilo la mwisho linahitaji tahadhari. Soave Superiore ilipewa hadhi ya juu ya DOCG mwaka 2001, na kanuni zake zinazuia mavuno yasizidi tani 10 kwa hekta, ilhali Soave ya kawaida inaruhusiwa zaidi ya hapo. Kwa mantiki hiyo ungedhani kwamba mvinyo bora wote umo ndani yake. Haikuwa hivyo. Wazalishaji wengi wanaoheshimika walibaki na Soave Classico ya DOC, na mmoja wao, Roberto Anselmi, aliliacha kabisa jina la Soave akauza mivinyo yake kwa jina pana la Veneto, ingawa inatokana na Garganega ya vilima hivyo hivyo. Kwa hiyo usidanganyike na ngazi ya cheo. Jina la mzalishaji na jina la kilima vina uzito zaidi.

Kuhusu jina la kilima, tangu 2019 kanuni za Soave zinatambua maeneo madogo 33 ambayo majina yake yanaweza kuandikwa kwenye chupa, mengi yakiwa ndani ya Classico. Utakutana na Foscarino, Castelcerino, Carbonare, Froscà na mengineyo. Huna haja ya kuyakariri. Inatosha kujua kwamba vilima hivi vimegawanyika kwa udongo. Sehemu kubwa, hasa kuelekea mashariki, ni mawe meusi ya basalti yaliyotokana na volkeno za zamani sana, na sehemu nyingine, hasa upande wa magharibi, ni mawe meupe ya chokaa. Kwa kawaida mvinyo wa basalti huwa umejikunja na kukaza, wenye ladha inayokaribia chumvi na moshi hafifu, na ule wa chokaa huwa mpana zaidi, wenye matunda yaliyoiva na harufu ya maua. Njia nzuri ya kulithibitisha jambo hili ni kununua chupa mbili za mwaka mmoja na kuzifungua pamoja. Calvarino, inayotoka kwenye ardhi ya volkeno, na La Rocca, inayotoka kwenye chokaa chini ya ngome ya Soave, zingefaa, mradi ukumbuke kwamba tofauti utakayoisikia haitokani na udongo pekee: La Rocca ni Garganega tupu iliyokaa kwenye mapipa ya mbao, ilhali Calvarino ina Trebbiano di Soave ndani yake na haipitii mbao.

Angalia pia mwaka. Msomaji aliyezoea zabibu za Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, atambue kwamba Veneto kuna mavuno moja tu, kwa hiyo mwaka ulioandikwa kwenye chupa hubeba hali ya hewa ya msimu mzima, na pia hukuambia umri wa mvinyo. Soave ya kawaida inunuliwe ikiwa na mwaka mmoja au miwili na inywewe mapema. Ukiikuta imesimama rafuni kwa miaka minne chini ya taa kali, iache hapo. Soave Classico ya kilima kizuri ni jambo jingine kabisa, na ikihifadhiwa vizuri hufika miaka mitano hadi kumi bila taabu.

Si Soave peke yake yenye Garganega. Mpakani, upande wa Vicenza, kuna Gambellara, ambayo lazima iwe na angalau asilimia 80 ya zabibu hii na ambayo inakaa karibu yote juu ya ardhi ya volkeno. Ni mahali pazuri kwa mnunuzi asiye na fedha nyingi, kwa kuwa jina lake halijulikani sana. Kisiwani Sicilia kuna zabibu iitwayo Grecanico Dorato, na uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba ni Garganega hiyo hiyo chini ya jina lingine, ingawa jua la kusini huipa mwili tofauti. Lakini Lugana, mvinyo wa kando ya Ziwa Garda ambao wauzaji huupanga karibu na Soave, hutokana na jamaa ya Trebbiano di Soave, si Garganega, kwa hiyo usiufanye kipimo.

Baada ya kununua, kuna suala la ubaridi, na hapa nitasimulia kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuwaandalia wageni Soave Classico ya miaka sita niliyoinunua kwa bei si haba, nikaiweka kwenye friji tangu asubuhi na kuitoa dakika ile ile ya kumimina. Glasi ziliota ukungu kwa nje, na ndani mvinyo ulikuwa maji ya limau. Wageni walisema asante kwa adabu wakageukia vinywaji vingine, nami nikaiacha nusu ya chupa mezani. Saa moja baadaye, tulipokuwa tukiondoa vyombo, nilijimiminia kidogo ili nisiutupe, na chumba kizima kilikuwa kama kimefunguliwa dirisha: kamomili, asali nyepesi, ganda la chungwa lililokauka, kisha lozi. Ulikuwa mvinyo ule ule. Nilichokuwa nimekosea ni nyuzijoto chache tu.

Kwa hiyo, Soave changa itolewe mezani kwenye nyuzi 8 hadi 10 za Selsiasi, na ile ya kilima au iliyokomaa kwenye nyuzi 10 hadi 12. Friji ya nyumbani huwa karibu na nyuzi 4 au 5, hivyo chupa iliyolala humo itolewe dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa, na kama chumba chako ni cha joto la pwani, muda huo upunguzwe. Chupa iliyokuwa kabatini inaweza kupozwa kwenye ndoo ya barafu kwa dakika 20 hivi, ila ndoo iwe na maji na barafu pamoja, kwa sababu barafu tupu huigusa chupa mahali pachache tu na hupoza polepole. Usitie kipande cha barafu ndani ya glasi ya mvinyo wa namna hii. Glasi yenyewe iwe na tumbo na mdomo unaofunga kidogo juu, ijazwe theluthi moja tu, ili pabaki nafasi ya harufu kukusanyika. Chupa ya kizibo ifunguliwe kwa kizibuo taratibu, na chupa yenye kifuniko cha kuzungusha isidharauliwe, kwani kifuniko hicho huilinda dhidi ya kasoro nitakayoitaja sasa hivi.

Kabla ya kuwamiminia wengine, nusa. Kama mvinyo unanukia boksi lililolowa maji au chumba cha chini kisichopata hewa, kizibo kimeuharibu na hakuna dawa. Mhudumu au muuzaji aelezwe, na mwenye duka mwaminifu hukubadilishia. Kama rangi imekuwa ya kahawia na harufu ni ya tofaa lililokatwa na kuachwa wazi, hewa imeingia na mvinyo umechoka. Mvinyo mzima wa Garganega ukiwa mchanga huwa na rangi ya majani makavu yenye mng'ao wa kijani, na ukikomaa huelekea dhahabu.

Kuonja kwenyewe kufanywe bila haraka. Zungusha glasi kidogo, nusa mara ya kwanza, weka chini, kisha rudia baada ya dakika chache, kwa sababu harufu ya Garganega hutoka kwa hatua. Kwanza utapata limau, pea na tofaa la manjano, pamoja na maua meupe. Baadaye hujitokeza kamomili na pengine majani makavu. Chukua funda la wastani, liache lizunguke mdomoni, kisha meza na usiseme kitu kwa muda wa pumzi tatu au nne. Hapo ndipo penye mtihani. Mvinyo hafifu hukatika mara moja na kuacha maji. Mvinyo wa kilima huendelea, uchachu wake ukiwa wa wastani na usiochoma, na mwishoni huacha uchungu mwembamba safi wa lozi. Kama huna hakika ni uchungu gani huo, chukua lozi mbichi isiyomenywa, yenye ganda lake la kahawia, itafune polepole mpaka iwe laini, kisha rudi kwenye glasi. Baada ya zoezi hilo hutaikosa tena maisha yako yote. Ujue pia kutofautisha uchungu huo na ukakasi: uchungu wa Garganega hukaa nyuma ya ulimi na kupotea kwa upole, bali ukakasi hukausha fizi kama ndizi mbichi, na ukiupata katika Soave kuna uwezekano kwamba mbao za pipa zimezidi, au zabibu zilikamuliwa kwa nguvu mno.

Chakula ni sehemu rahisi ya mwongozo huu, kwa kuwa Garganega haigombani na vyakula vingi. Kwao Veneto hunywewa na wali wa njegere uitwao risi e bisi, na samaki wa Ziwa Garda, na baccalà alla vicentina, yaani samaki mkavu aliyepikwa kwa muda mrefu ndani ya maziwa, vitunguu na mafuta ya zeituni, anayeliwa na polenta, ambayo kwa ufupi ni ugali wa mahindi wa Waitaliano. Mlo huo wa Vicenza ndio ninaoupendekeza zaidi kwa Soave iliyokomaa: unene wa maziwa na samaki hukutana na uchungu wa lozi, na kila kimoja hukisafishia kingine njia. Kutokana na hilo nimeona kwamba samaki wa nazi pia hukubaliana nao, mradi pilipili isiwe kali, kwani ukali wa pilipili huufanya mvinyo mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, uwe mchungu na kileo chake kichome.

Kuna sura nyingine ya zabibu hii ambayo haifai kurukwa, nayo ni Recioto di Soave, mvinyo mtamu uliokuwa wa kwanza katika mkoa wa Veneto kupata hadhi ya DOCG, mwaka 1998. Asili yake ni ya kale: katika karne ya 6, Cassiodorus, aliyekuwa waziri wa wafalme wa Kigothi, aliandika barua ya kuagiza kwa ajili ya meza ya mfalme mvinyo wa zabibu zilizokaushwa wa pande za Verona, akiusifu ule mweupe pia. Jina Recioto linatokana na neno la lahaja ya Verona lenye maana ya sikio, kwa sababu ya yale mabega mawili ya kichala niliyoyataja mwanzoni, ambayo hupata jua zaidi na kuwa matamu zaidi. Vichala bora huchaguliwa kwa mkono, hulazwa kwenye chanja au hutundikwa katika chumba chenye hewa kwa miezi kadhaa ya baridi mpaka visinyae, na juisi chache iliyobaki hukamuliwa na kuchachushwa polepole. Ganda nene la Garganega ndilo linalowezesha subira hiyo. Recioto nzuri ina ladha ya pichi kavu, asali na zafarani, na uchungu wa lozi uliomo ndani yake huuzuia utamu usikinaishe. Itoe kwenye nyuzi 10 hadi 12 katika glasi ndogo, pamoja na pandoro, keki ya Verona, au na jibini kali yenye ukungu wa buluu. Kwa kawaida huuzwa katika chupa ndogo, na chupa moja huwatosha watu sita baada ya mlo.

Mvinyo mkavu uliobaki uzibwe na kurudishwa kwenye friji, ambako Soave ya kawaida hudumu siku mbili, na ile ya kilima siku tatu au nne. Usishangae ukiikuta siku ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza. Na unaponunua Classico uliyoipenda, nunua chupa mbili. Moja ifungue mwaka huo huo na uandike kwenye kijitabu ulichokisikia. Ya pili, kama ina kizibo, ilaze ubavu, mahali penye giza pasipobadilika joto, karibu na nyuzi 12 hadi 14 ukiweza, mbali na jiko na mbali na mtikisiko wa friji. Iandikie kwa penseli, kwenye karatasi yake ya nyuma, tarehe ya kufunguliwa, miaka mitano mbele, na siku hiyo ikifika uitoe pamoja na kijitabu kile.